Utawala Mrefu wa Ethelmodi Mwenye Afya

Nchi ninayoisimulia haipo tena, na hata ilipokuwepo ilikuwa mbali sana na kwako, kwa hiyo, msomaji, huna haja ya kuinuka kufunga dirisha. Ilikuwa nchi ya ukungu, kondoo na matope, nchi ya Wasaksoni. Wasaksoni wa Magharibi walikuwa na nchi yao, wa Mashariki yao, wa Kusini yao. Sisi tulichelewa kwenye mgawanyo, tukaitwa Wasaksoni wa Hapohapo. Mfalme wetu alikuwa Ethelmodi mwana wa Ethelbodi, na mimi nilikuwa karani wa tatu wa Baraza lake la Wenye Hekima. Karani wa kwanza alishika muhuri, wa pili alimshikia wa kwanza kiti, na mimi niliandika.

Nasema mapema kwamba sina kinyongo na mtu. Niliandika kila nilichoambiwa kwa miaka kumi na tisa, kwa unyoya wa bata bukini, juu ya ngozi ya kondoo. Mkono uliniuma miaka mitatu ya kwanza. Baada ya hapo sikusikia maumivu tena, si ya mkono wala ya kitu kingine chochote.

Kwetu ukweli haukutafutwa, ulipimwa. Mtu mwenye dai alishika pete ya chuma ya Baraza akaapa, na kiapo chake kilikuwa na uzito wa cheo chake. Cha mkulima kilihesabiwa kimoja. Cha bwana mwenye mashamba kilikuwa sawa na vya wakulima sita. Cha diwani, wakulima mia moja na ishirini. Cha Mfalme hakikuwa na mizani, maana aliyetunga sheria hiyo alikuwa Mfalme. Ukisema ng'ombe ni wako, na jirani yako bwana mwenye mashamba akasema ni wake, ulirudi kijijini kutafuta wenzako sita waje waape nawe. Ukiwakosa, ng'ombe alikuwa wa jirani, nawe ulitakiwa kumwomba radhi kwa kukaa na ng'ombe wake siku zote hizo. Watu hawakulalamika. Waliita jambo hilo utaratibu, na utaratibu ukishazoeleka hauumi.

*

Mwaka wa tisa wa utawala, msimu wa kukata manyoya ya kondoo, Mfalme alishikwa na homa. Uvumi ukatembea sokoni. Diwani Mkuu, Mheshimiwa Wulfrini, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akaona ni vyema wananchi watulizwe. Mfalme akabebwa na kitanda chake hadi barazani, akawekewa pete mkononi, akasema kwa sauti iliyofika hadi safu ya pili: "Naapa kwamba mimi ni mzima."

Niliandika. Watu wakashangilia, wakarudi kwa kondoo wao. Siku tatu baadaye, saa ya chakula cha mchana, Mfalme akafariki.

Baraza likakaa kikao cha dharura chenye ajenda moja, kutangaza msiba. Mzee Dunstani, mwanasheria wa Baraza, ambaye kwa kawaida alisinzia tangu dua ya kufungua mpaka dua ya kufunga, siku hiyo alifumbua jicho moja.

"Mfalme aliapa kwamba ni mzima," alisema. "Alisema mpaka lini?"

Nikafunua ngozi yangu nikasoma. Hakusema mpaka lini.

"Basi kiapo bado kinaishi. Nani hapa ana kiapo cha kukipindua?"

Madiwani wakajihesabu, wote kumi na wawili, wakamwongeza na askofu. Hawakutosha.

"Lakini Mzee, si yuko humo ndani amefunikwa shuka?" diwani mmoja aliuliza.

"Hiyo ni hali yake," Dunstani akajibu. "Mimi nazungumzia sheria. Neno la Mfalme hupinduliwa na Mfalme mwenyewe tu. Akija hapa akasema amekufa, tutatangaza."

Wakamngoja kidogo, kwa heshima. Hakuja.

Lazima niseme kwamba sheria yetu nyingine ilitaka utawala wa mfalme ukiisha, madiwani wote wavuliwe vyeo na wafungwa wote wafunguliwe. Sisemi kwamba jambo hilo lilimwingia mtu akilini. Nasema tu kwamba hakuna aliyebisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Mfalme alizikwa bustanini nyuma ya jiko, kati ya mistari miwili ya vitunguu, na mimi nikaelekezwa kuandika kwamba Mtukufu amekwenda kupumzika bustanini. Joho lake likavishwa kiti chake cha enzi, taji likawekwa juu, na tangu siku hiyo akaitwa Ethelmodi Mwenye Afya.

*

Mwezi haukuisha kabla serikali haijakwama, kwa sababu amri zilihitaji idhini ya Mfalme. Wakamwamsha Dunstani tena.

"Mila ya mababu iko wazi," alisema. "Mkubwa hajibu hovyo. Akiulizwa jambo, akanyamaza kwa muda wa pumzi tatu, amekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Diwani alisimama mbele ya kiti, akauliza, mimi nikahesabu pumzi tatu, kisha nikaandika: Mtukufu hakupinga. Pumzi zilizohesabiwa zilikuwa zangu. Nilipopata mafua, serikali ilikwenda haraka sana.

Mfalme hakupinga daraja lililobomoka lihesabiwe kuwa zima. Hakupinga mpwa wa Wulfrini awe askofu wa jimbo ambalo halikuwa na kanisa, wala kanisa lijengwe kwa mbao za daraja. Hakupinga mvua ilaumiwe. Mwaka wa sita tangu kile kiapo hakupinga kuoa, na binti wa mfalme jirani akaletwa kwa gari la kukokotwa na maksai. Alikiangalia kile kiti kwa muda mrefu, akasema wazazi wake walikwisha kumwonyesha wachumba wabaya zaidi. Mjumbe aliyemsindikiza aliandika kwao kwamba katika maisha yake hajapata kuona mfalme anayesikiliza watu kwa utulivu namna ile.

Wananchi walijua. Nisidanganye, kila mtu alijua. Vitunguu vya bustani ile havikuliwa na mtu.

*

Sasa nimfikie Hilda. Huyu alikuwa mwosha maiti wa mjini, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa iliyokunjamana kwa maji. Ndiye aliyeitwa kumwosha Mfalme. Alimwosha, akamkata kucha, maana zilikuwa ndefu, akamfunga kidevu kwa kitambaa. Alipomaliza alipewa ngozi ya kondoo na kuambiwa kwamba amefua nguo.

Hilda alikuwa na shida yake. Mumewe, Leofriki, alikuwa mfua chuma. Wiki moja kabla ya homa, Mfalme akiwa anahutubia langoni, bawaba ya lango ilipiga kelele, na bawaba ile ilikuwa kazi ya Leofriki. Akakamatwa kwa kosa la kukatiza hotuba ya Mfalme kwa kutumia chuma. Kosa la aina hiyo, lililomgusa Mtukufu mwenyewe, husikilizwa na Mtukufu mwenyewe. Akawekwa ndani, namba mia nne na kumi na mbili, angoje zamu yake.

Kwa hiyo unaiona hali ya Hilda. Mumewe angetoka kwa njia mbili tu: Mfalme aisikilize kesi, au utawala uishe. Na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomfunga Mfalme kidevu.

Alianza na balozi wake wa nyumba kumi. Kwetu kila nyumba kumi zilikuwa na balozi, na zote kumi zilijibu kosa la mmoja wao. Balozi wa Hilda alikuwa Osgari, mtengeneza pombe ya shayiri, mtu mwema ambaye hakuwahi kumdhuru mtu wala kumsaidia. Hilda mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Shemeji Osgari, njoo uape nami. Nataka tuapie kifo cha Mfalme."

"Kufa amekufa, shemeji. Hilo hata kuku wanalijua."

"Basi twende."

"Kujua ni kitu kimoja, shemeji, kuapa ni kingine."

"Unaogopa?"

Osgari akafikiri kwa unyofu kabisa, akiwa ameshika upawa wake. "Hapana," akasema. "Zamani nilikuwa naogopa. Sasa naona uvivu tu."

Hilda alizunguka nyumba zote zilizobaki akapata majibu ya namna hiyohiyo. Mmoja alisema atakuja kondoo wakishazaa. Mwingine alimkumbatia, akamlilia, akafunga mlango. Akaja barazani peke yake, akashika pete, akaapa kwamba alimwosha Mfalme akiwa maiti. Mzee Dunstani alimweleza kwa upole kwamba hata nchi nzima ingeapa naye, neno la Mfalme hupinduliwa na Mfalme. Hilda akauliza kama basi kesi ya mumewe inaweza kusikilizwa. Akaambiwa Mfalme ana shughuli nyingi.

Alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Alikuja kila msimu wa manyoya, akasimama mahali palepale, akauliza maneno yaleyale, na mimi nikaandika yaleyale. Mwaka wa nne niliacha kuandika upya, nikawa nabadilisha tarehe tu. Binti yao, Edita, aliposwa na kuolewa kwa Wasaksoni wa Kusini baba yake akiwa ndani. Nywele za Hilda ziligeuka mvi mbele ya macho yangu, kila mwaka kidogo, na ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Niliona tu kwamba ningepaswa kumwonea.

*

Mwaka wa kumi na moja tangu kile kiapo, Wulfrini aliamua kufanya Jubilei ya Afya. Wageni walialikwa kutoka kwa Wasaksoni wa kila upande. Tatizo likawa moja. Kule kwa majirani ilikuwa inasemwa kwamba kuna mwanamke anayedai alimwosha Mfalme, na lisemwalo lipo. Hilda akaitwa ofisini.

"Mama Edita, karibu, kaa," Wulfrini alisema. Alikuwa hajawahi kumkaribisha. "Tuna jambo dogo. Siku ya Jubilei tunataka uape mbele ya wageni kwamba Mfalme yupo na anatusikia."

"Na mume wangu?"

"Kesi yake itasikilizwa siku hiyohiyo."

"Na nani?"

"Na Mfalme mwenyewe, mama. Unadhani na nani?"

Hilda alitazama mikono yake. Nilidhani atakataa. Miaka kumi na moja alikuwa hajasema uongo hata mmoja, na katika mji wetu hilo lilikuwa karibu liwe kosa.

"Nami nitaruhusiwa kumwuliza Mfalme?"

"Mwombaji ana haki ya swali moja," Mzee Dunstani alisema kutoka kwenye kona yake, macho ameyafumba. "Liwe fupi, lisiwe na matusi."

"Swali moja linanitosha," Hilda akasema.

Alipoondoka, Wulfrini alimwita mwendesha mashtaka na kumwelekeza amtangulie kuuliza. Nilikuwepo. Niliandika na hilo pia, kisha nikaambiwa nilifute, nikalifuta.

*

Siku ya Jubilei uwanja ulijaa. Kiti kililetwa na watu wanane, joho limepigwa brashi, taji limesuguliwa. Malkia alikaa pembeni akifuma soksi. Mheshimiwa Wulfrini akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi, na wageni wetu waheshimiwa," alisema. "Ni viongozi wangapi duniani wamekaa miaka kumi na moja bila kupandisha sauti? Ni wangapi hawajamtukana mtu, hawajalewa, hawajampendelea ndugu? Wenzetu wana wafalme wanaokwenda vitani na kurudi vipande vipande. Wa kwetu hajapata hata mkwaruzo! Naomba makofi kwa afya ya Mtukufu!"

Makofi yakapigwa. Yalianza pamoja na kuisha pamoja, watu walikuwa na mazoea.

Hilda akaitwa. Akashika pete. "Naapa kwamba Mfalme Ethelmodi yuko hapa, anatusikia, na jibu lake ni jibu."

Lile neno la mwisho halikuwa kwenye maandishi aliyopewa, lakini Wulfrini alilipenda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wageni wakanong'onezana. Nikaandika.

Kisha Leofriki akaletwa. Sitamweleza sana. Alikuwa amevaa gunia, na alisimama pale alipowekwa. Mkewe alimtazama, naye alitazama miguu ya askari aliyemleta.

Mwendesha mashtaka akasogea mbele ya kiti, akainama.

"Mtukufu, mtu huyu ana hatia?"

Nikahesabu pumzi tatu. Mtukufu hakupinga.

"Mtukufu, akae ndani maadamu wewe ni mzima?"

Nikahesabu. Mtukufu hakupinga. Umati ukashusha pumzi, si kwa hasira, ni kama watu wanaosikia mvua imeanza tena. Wulfrini alimgeukia Hilda kwa tabasamu la mtu aliyetimiza ahadi yake. Kesi ilikuwa imesikilizwa.

"Mwombaji ana swali?" aliuliza, tayari ameanza kukunja ngozi zake za maandishi.

"Ninalo," Hilda alisema.

Alikwenda mbele ya kiti. Hakuinama. Alilitazama joho kwa namna ambayo nafikiri alimtazama Mfalme siku ile ya kumwosha, bila chuki, kwa macho ya mtu mwenye kazi ya kumaliza.

"Mtukufu," akauliza, "umekufa?"

Soksi ya Malkia ilisimama. Wulfrini alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu sheria ilimkataza mtu yeyote kumjibia Mfalme, na sheria hiyo aliitunga yeye. Diwani mmoja alikitazama kiti kwa macho ya kusihi, na naapa, kwa kiapo changu chepesi, kwamba alikuwa anaomba kiseme.

Pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili.

Baadaye watu waliniita shujaa. Wengine walinitemea mate. Ukweli ni kwamba sikuamua chochote. Nilivuta pumzi ya tatu kwa sababu nilihitaji hewa, na mkono wangu, ambao ulikuwa umeandika maneno yale mara elfu nyingi, ukayaandika tena. Nilikuja kushtuka yakiwa yamekauka: Mtukufu hakupinga.

"Soma, karani," Dunstani alisema. Alikuwa ameyafumbua macho yote mawili.

Nikasoma. Kisha mzee yule akasimama, akavua kofia. "Mfalme amesema," alisema. "Neno lake la kwanza limepinduliwa na neno lake la pili. Ethelmodi amefariki. Aliyehukumiwa kukaa ndani maadamu Mfalme ni mzima, aachiwe."

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, halafu akasita akatazama huku na huku kuona kama kuna wengine. Madiwani walikuwa wamejishika vifua, mahali nishani zao zilipo. Lakini Mheshimiwa Wulfrini hakuwa Diwani Mkuu kwa bahati. Alikimbia, kwa unene wake wote, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mtukufu marehemu," alisema huku akihema, "utaendelea kutawala?"

Wakanigeukia wote. Nikavuta pumzi tatu.

Kwa hiyo utawala haukuisha. Madiwani walibaki na vyeo vyao. Wafungwa wengine, mia nne na kumi na mmoja, walibaki ndani, kwa kuwa wao hawakuwa wamehukumiwa bado, walikuwa wanangoja tu. Wageni walipewa kondoo wa kuchoma. Mfalme Ethelmodi alitawala miaka mingine ishirini na saba, na wanahistoria wanakubaliana kwamba sehemu hii ya pili ilikuwa na amani zaidi.

*

Niliambatana na Hilda hadi gerezani, kwa sababu hati ya kuachiwa ilihitaji alama ya kidole chake. Leofriki akatolewa nje. Alisimama hatua moja kutoka mlangoni.

"Baba Edita," Hilda alisema. "Umekula?"

Mumewe alimgeukia askari.

Askari alikuwa mtu wa makamo, amechoka, hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. "Mjibu mkeo, bwana."

"Sijala, afande," Leofriki alimwambia askari.

"Haya, twende nyumbani," Hilda akasema, akamshika mkono. Hakusogea. Akamvuta kidogo, akaona mguu haunyanyuki. Alisimama pale ameushika ule mkono, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile niliona uso wake umekosa la kufanya. Niliumia. Naliandika hili kwa sababu lilinishangaza mwenyewe.

"Twende nyumbani," askari akarudia, na Leofriki akaanza kutembea.

Tukaenda wote wanne. Kwenye kila kona askari alisema kushoto au kulia. Mlangoni alisema ingia. Ndani Hilda alimwambia mumewe, "Kaa, umechoka," naye akabaki wima mpaka askari alipomwambia kaa. Yule askari alikuwa na zamu ya jioni. Alishika kofia yake mkononi, akaaga kwa adabu, akamwambia mama kazi yake imekwisha.

Hilda alikuwa amekwisha kuweka chungu motoni. Aligeuka akiwa na mwiko mkononi, akamvutia askari kigoda cha pili.

"Usiondoke kwanza, mwanangu," alisema. "Ngoja ale."